Ile Hamu ya Chapati Saa Nne Usiku

SOMO LA WIKI. Soma kwanza nyumbani: Hesabu 11:4–9, 1 Wafalme 19:1–8, 1 Samweli 1:1–18, 2 Samweli 23:13–17.

Wiki hii tunaongea juu ya chakula, na najua kuna wengine wameshaanza kutabasamu. Subirini kidogo.

Umeshakula chakula cha jioni. Ugali ulitosha, sukuma ilikuwa na vipande vya nyama, umeshiba kabisa. Sufuria zimeoshwa, watoto wamelala. Halafu saa nne hivi usiku kitu ndani yako kinasema: chapati. Au chipsi za pale kibandani, zenye chumvi nyingi. Au chai ya maziwa, sukari vijiko vinne, na mandazi mawili ya kuchovya. Hiyo si njaa. Mtu mwenye njaa hachagui. Mpe githeri ya jana atakula na kushukuru. Lakini saa hiyo ukiletewa githeri unaisukuma kando, kwa sababu unataka kitu kimoja tu na hakuna kingine kitakachokaa mahali pake. Sasa kama tumbo halidai, ni nani anayedai?

Tuanze na Hesabu 11. Wana wa Israeli walikuwa na mana kila asubuhi. Hakuna aliyekuwa anakufa njaa. Lakini waliketi wakalia, watu wazima, kwa ajili ya samaki wa Misri, matango, matikiti, vitunguu na vitunguu saumu. Wakakumbuka hata kwamba wale samaki walikuwa wa bure. Bure! Watu waliokuwa wakifyatua matofali chini ya mjeledi, ambao watoto wao wa kiume walitupwa mtoni. Mjeledi ulikuwa umefutika kichwani, harufu ya kitunguu ikabaki. Tumezoea kuhubiri mlango huu kama habari ya watu wasio na shukrani, na ni kweli Bwana alikasirika. Hata hivyo angalia walikuwa wapi: jangwani, njia hawaijui, kesho hawaioni. Mtu akiwa mahali pageni na moyo una hofu, hukimbilia ladha anayoijua. Na kumbukumbu ya chakula haina uaminifu sana. Inabeba utamu na kuacha machozi.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi, na mengi waliyoyaona yanatusaidia kuelewa.

La kwanza, ladha hufundishwa, na shule yake huanza mapema kuliko tunavyofikiri. Mwaka wa 2001, Julie Mennella na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walieleza jinsi akina mama waliokunywa maji ya karoti katika miezi ya mwisho ya mimba, au wakati wa kunyonyesha, walivyopata watoto waliokubali uji wa karoti kwa uso mzuri kuliko watoto wengine. Yaani mtoto aliijua karoti kabla hajaionja kwa kijiko. Halafu fikiria kunyonya kwenyewe. Maziwa ya mama ni matamu na yana joto, na hayaji peke yake: yanakuja na mikono, na moyo unaodunda karibu na sikio. Hata hospitalini, mtoto mchanga anayechomwa sindano akipewa matone ya maji ya sukari mdomoni hulia kidogo kuliko asiyepewa. Kwa hivyo tangu siku za kwanza kabisa, utamu na kushikwa na mtu vilikuja pamoja. Usishangae basi ukiwa na miaka 45 umetoka kufokewa kazini, na mkono unaenda wenyewe kwenye bakuli la sukari.

La pili ni pua. Habari nyingi za macho na masikio hupitia kituo fulani ndani ya ubongo kabla ya kupelekwa mbele. Harufu ina njia yake ya mkato, inayofika haraka kwenye sehemu zinazotunza hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu unaweza kupita nyumba ya jirani, kitunguu kinakaangwa, na kabla hujajua unafikiria nini, uko jikoni kwa nyanya yako, miaka 30 nyuma, moshi machoni.

Sasa chukua hiyo chapati yetu. Ilikuja kutoka Bara Hindi, lakini leo ni yetu kabisa. Wengi wenu mliokulia mashambani mnajua chapati haikuwa chakula cha Jumanne. Unga wa ngano ulikuwa ghali kuliko wa mahindi, mafuta pia, na kazi ya kukanda na kusukuma ilitaka mtu mwenye nafasi. Chapati ilikuwa ya Krismasi. Ilikuwa ya siku baba amerudi kutoka Nairobi, shangazi amekuja na watoto, nguo mpya zimetoka, binamu wamelala sakafuni wakicheka hadi usiku wa manane. Mwaka mzima huli, halafu siku moja kila kitu kizuri kinakuja na ladha ile moja. Ubongo haukusahau. Ule mkate wa ngano na mafuta ukawa na maana ya watu wote wako nyumbani.

Kwa mtu wa Pwani kitu chenyewe ni mahamri na mbaazi. Kwa mwingine ni mukimo, au mursik, au ndizi za kupika, au samaki wa ziwani aliyekaangwa akawa mkavu. Dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani kule Ghuba wanapika wali mzuri na nyama kila siku katika nyumba za watu, na wengi wao wanachotamani ni ugali. Unga wa mahindi wenyewe si mtamu hivyo, tukubali tu. Kinachotamaniwa ni ile sinia moja katikati na mikono mingi.

Mwaka wa 2011, Jordan Troisi na Shira Gabriel wa Buffalo, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu supu ya kuku, ambayo kwa Wamarekani wengi ndiyo chakula cha faraja. Waliwapa watu supu, kisha wakapima mawazo yaliyokuwa karibu vichwani mwao. Wale ambao kwao supu ile ilikuwa chakula cha faraja walikuwa na mawazo mengi zaidi ya watu wa karibu na uhusiano. Katika jaribio lingine, watu walioguswa na hali ya kujihisi kutengwa waliandika juu ya chakula chao cha faraja, na upweke ukapungua. Hata hawakula, waliandika tu. Lakini kuna jambo dogo pale ambalo mimi naliona kubwa: upweke ulipungua kwa wale ambao kwa kawaida wana uhusiano salama na watu wao. Ni kama chakula kinarudisha kilichowekwa ndani yake. Aliyekula chapati akikumbatiwa anapata kumbatio. Aliyekula akihesabiwa vipande na kutukanwa, sijui atatoa faraja gani humo. Wazazi wenye watoto wadogo, hapo kwenye meza yenu ya jioni mnaandika kitu kitakachosomwa miaka 40 ijayo.

Sasa twende kwa Eliya, kwa sababu hamu haitoki kwa kumbukumbu peke yake. Kuna mwili pia.

Eliya ametoka Karmeli na ushindi. Yezebeli anatuma ujumbe mmoja tu, na nabii anakimbia mpaka Beer-sheba. Anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Tazama Mungu alifanya nini. Hakuanza na hotuba. Malaika alimgusa, na palikuwa na mkate umeokwa juu ya makaa, na maji. Akala, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, akala tena. Lile swali la Mungu, Eliya unafanya nini hapa, linakuja baadaye, kule Horebu, baada ya safari ya siku 40. Kwa hivyo asituambie mtu ati kutafuta faraja katika chakula ni dhambi hivi hivi. Mkate wa moto kwa mtu aliyechoka ulitoka mbinguni.

Mtu akiwa na msongo wa muda mrefu, deni, ndoa yenye vita, mgonjwa ndani ya nyumba, mwili hutoa homoni inayoitwa kotisoli, na mojawapo ya kazi zake ni kuutayarisha mwili kwa taabu. Mwaka wa 2003, Mary Dallman na wenzake wa San Francisco walieleza walichokiona kwa panya wa maabara walioishi na msongo: walikimbilia sukari na mafuta. Na walipokula, mfumo ule wa mshtuko ukatulia kiasi. Yaani chakula kile kilifanya kazi! Lakini mafuta yalirundikana tumboni. Mwili unajilipia utulivu wa leo kwa mkopo.

Usingizi ni vivyo hivyo. Huko Chicago mwaka wa 2004, vijana wanaume 12 wenye afya walilazwa saa 4 tu kwa usiku, siku mbili. Homoni inayoleta njaa ilipanda, ile inayoleta shibe ikashuka, na hamu yao ikaelekea vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Siku mbili tu. Sasa wewe unayeamka saa kumi alfajiri kuwahi matatu na kulala saa sita usiku, miaka sita mfululizo, utajilaumu vipi kwamba huna nguvu ya kupita pale kwa muuza smokie? Wale wa kesha la Ijumaa mnajua vizuri Jumamosi asubuhi inavyokuwa. Mandazi yanaisha.

Kuna ugunduzi mwingine uliobadilisha namna ninavyolitazama jambo hili. Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan alionyesha kwamba kutaka kitu na kukifurahia ni kazi mbili tofauti ndani ya ubongo. Panya walioondolewa kemikali inayoitwa dopamini hawakujisogeza hata kwenda kwenye chakula, lakini sukari ikiwekwa mdomoni walilamba midomo kwa raha kama kawaida. Walifurahia, hawakutaka. Kinyume chake pia hutokea: kutaka kunapanda juu huku raha ikibaki pale pale au ikishuka. Mtu anakula chipsi za tatu wiki hii na hazina utamu wowote, na kesho akipita stejini mafuta yakichemka, miguu inakata kona. Hamu inaahidi zaidi ya kile chakula kitakachotoa.

Na ahadi yenyewe imepimwa. Mwaka wa 2014, Traci Mann na wenzake wa Minnesota waliwaonyesha watu filamu za kuhuzunisha. Baadaye wengine walipewa chakula chao cha faraja, wengine chakula kingine wanachokipenda, wengine kitu cha kawaida tu, na wengine hawakupewa chochote. Wote walirudi kwenye hali nzuri, karibu sawasawa. Wasiopewa kitu pia. Yaani ile huzuni ndogo ya jioni ilikuwa inaondoka yenyewe, halafu chapati inachukua sifa.

Huzuni kubwa ni habari nyingine. Mwone Hana katika 1 Samweli 1. Penina anamchokoza mwaka hadi mwaka, Hana analia na hali. Maana kuna watu ambao uchungu huwafunga mdomo badala ya kuufungua, na hao pia wako kati yetu. Elkana mumewe anampenda kweli, anampa sehemu ya pekee ya nyama, kisha anashangaa kwa nini analia wakati ana mume mwema kama yeye. Pole Elkana. Alileta sahani pale ambapo Hana alihitaji mtu wa kusikia maneno yake. Hana alipomwaga moyo wake mbele za Bwana, na kuhani akamsikiliza (baada ya kumdhania mlevi), ndipo alipokwenda zake akala. Chakula kilikuwa kile kile.

Hapa nataka kusema wazi. Katika makanisa yetu kuna haraka ya kukemea. Mtu akikiri kwamba anakula usiku na hawezi kuacha, tunaweka mikono kichwani na kufukuza roho ya ulafi. Ulafi umo katika Maandiko, siukatai. Lakini kuna dada anaweza kuombewa mara tatu na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza analala saa ngapi, au anakula na nani. Akirudi nyumbani na hamu ikarudi, sasa anabeba na aibu juu yake, na aibu nayo ni msongo, na msongo unadai sukari. Tumemzungusha. Anaanza kula akijificha, makaratasi yanatupwa usiku wasione watu. Mtu akifika hapo, anakula kingi kwa siri na kujichukia, au anajitapisha, huyo aombewe na pia apelekwe kwa daktari au mshauri aliyesomea. Ni ugonjwa unaotibiwa.

Na kufunga pia, hasa zile siku 21 za Januari. Mwaka wa 1987, Daniel Wegner na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wasifikirie dubu mweupe. Wakamfikiria. Na walipoachiliwa baadaye wamfikirie, alikuja mara nyingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Mtu anayefunga huku siku nzima anapigana na picha ya nyama choma atakuwa na shughuli kubwa saa kumi na mbili jioni. Funga ya namna hiyo humalizikia kwenye sahani tatu. Afadhali siku za kufunga ziwe na kitu cha kufanya, watu wa kukaa nao, Neno la kusoma, kuliko kukaa ukilinda tumbo. Na wewe mwenye kisukari au unayetumia dawa za presha, ongea kwanza na kliniki yako kabla hujaanza. Hilo si kukosa imani.

Kwa sababu gharama yake ni ya kweli. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko 12 vya chai. Mtu anayejituliza nayo kila jioni, pamoja na mkate mweupe, anaweza kujikuta miaka michache baadaye anafungwa kidonda mguuni kisichopona. Tumezika watu.

Basi hamu ikija, fanya nini? Kwanza usipigane nayo gizani, iulize. Leo nimelala? Leo nimeongea na mtu yeyote maneno ya kweli, au ni salamu tu? Ni jambo gani limenipata tangu asubuhi ambalo sijamwambia mtu wala Mungu? Mara nyingi jibu linatoka kabla maji ya chai hayajachemka. Pili, jua kwamba hamu inaishi kwa picha. Jackie Andrade, Jon May na David Kavanagh walieleza mwaka wa 2005 kwamba tamaa ya chakula hulishwa na taswira tunayoichora akilini: chapati inavyopasuka, mvuke wake. Ukiipa akili picha nyingine ya kushughulika nayo, kufuma, kupanga nguo, hata kuwachorea watoto, ile ya kwanza inakosa nafasi. Na kama ni uchovu, nenda ukalale. Eliya alilala mara mbili.

Na ukiamua kula, kula. Keti chini, weka kwenye sahani, omba, kula ukijua unakula. Si kusimama gizani mbele ya kabati. Zaidi ya hayo, kula na mtu.

Daudi alikuwa katika pango la Adulamu, Wafilisti wakiwa wameshika Bethlehemu, akatamani maji ya kisima kilicho karibu na lango la mji wao. Kiu peke yake haichagui kisima, alitamani kwao. Mashujaa watatu wakapenya kambi ya adui, wakateka maji, wakamletea. Na alipoyashika mkononi hakuyanywa. Aliona pale mbele yake watu watatu waliohatarisha maisha kwa ajili yake, akayamimina mbele za Bwana. Maji ya nyumbani yalikuwa yamemfikia kwa njia nyingine.

Mnaona jambo linakwenda wapi. Tukifiwa, kwa wiki ya kwanza sisi ni hodari: sufuria kubwa, chai, mkate, nyumba imejaa. Mwezi wa pili mjane anakula mkate na soda peke yake, televisheni ikiwa imewashwa ili kuwe na sauti. Huyo akituambia ana hamu ya chapati, asipelekewe mahubiri juu ya tamaa. Apelekewe chapati mbili na mtu wa kukaa naye mpaka ziishe.

Kwa vikundi vya nyumbani Jumatano hii: kila mtu aje tayari kutaja chakula kimoja kinachomtuliza, na amweleze jirani yake aliyekipika mara ya kwanza alikuwa nani na siku hiyo ilikuwaje. Msiharakishe, wengine watalia. Viongozi, andikeni majina ya wale katika kikundi chenu wanaokula peke yao siku nyingi za wiki, na mgawane nani ataenda kwa nani kabla ya Jumapili. Chai ipikwe bila sukari, sukari iwekwe pembeni kila mtu ajipimie.